Limebaki Goti

Watu ambao hawajawahi kumaliza hata aya moja ya niliyoandika wana maoni makali mno kuhusu jina la safu hii. Yatakayokuwa ndani hakuna anayeyauliza. Mhariri kijana alinipigia simu akasema, "Mzee, makala tutaisubiri, lakini jina nalitaka haraka, ukurasa unapangwa." Nikakosea kulisema hilo kwa sauti sebuleni, na kuanzia hapo nyumba yangu ya Tabata ikawa kamati ya harusi: kila mtu mjumbe, mchangiaji hakuna.

Tatizo lenyewe ni kwamba majina yamekwisha. Fungua gazeti lolote ujionee. Kuna Jicho la huyu, Sikio la yule, Kalamu ya fulani, Ulimi wa nani sijui, na Sauti za kila aina, hasa za wanyonge. Waandishi wameshaugawana mwili mzima wa binadamu. Limebaki goti, na la kwangu linauma kila mvua ikikaribia, silitaki gazetini. Waliokosa viungo wakakimbilia kona: Kona ya Afya, Kona ya Mapenzi, Kona ya Vijana. Ukurasa una pembe nne tu, lakini kona zilizomo humo hazihesabiki.

Mimi nilikuwa na jina langu la heshima, Tafakuri za Mwanajamii. Nililitamka polepole ili lizame. Mama watoto hakuinua hata macho kwenye ungo.

"Nani atasoma hiyo akiwa amesimama kwenye daladala? Iite Malalamiko. Si ndiyo kazi yako hapa nyumbani?"

Nikamweleza kwamba mwandishi halalamiki, mwandishi anachambua.

"Haya," akasema, akanisogezea ungo, "anza na huu mchele."

Mwanangu wa kidato cha tatu akaingilia. "Baba, weka Dingi Kauzu. Vijana watasoma." Nikamuuliza vijana gani, maana kijana ninayemfahamu mimi gazeti analitumia kujaladia madaftari. Baba mkwe naye akapiga simu kutoka kijijini, hakuleta jina, akaleta methali: jina jema hung'ara gizani. Nikamshukuru sana. Huku kwetu umeme ukikatika tunawasha tochi ya simu. Sijawahi kuona mtu akiangaziwa chooni na jina.

Halafu kuna shemeji yangu, aliyekuja mjini kutibiwa jino, jino likapona, yeye akabaki. "Shemeji, wapige na Ngurumo!" akasema. Ikabidi nimwambie kwamba Ngurumo lilishakuwapo, gazeti la hapahapa Dar es Salaam, tangu 1959. Akaniangalia kana kwamba nimemnyang'anya kitu chake.

Ndiyo maana nawaonea wivu wazee wa kazi hii. Walifika majina yakiwa yamelala tu, mtu anainama anaokota. Wamisionari wa Kiungani, Unguja, mwaka 1888 wakajichukulia Msimulizi, nani angewabishia? Wajerumani kule Tanga wakatoa Kiongozi mwaka 1904, na serikali ikishajiita kiongozi huna pa kukata rufaa. Mwaka 1910 Walutheri wakaja na Pwani na Bara, nchi nzima ikaisha kwa jina moja. Kama si visiwa kusalimika, tusingeachiwa kitu. Waingereza, mwaka 1923, wakaokota Mambo Leo, jina ambalo nikilifikiria usingizi unakata. Halijigambi, halimtishi mtu, na leo haiishi, maana kesho inakuja nyingine. Erica Fiah naye, Muganda aliyehamia Dar es Salaam, akaanzisha gazeti mwaka 1937 akaliita Kwetu, tena bila kuona haya. Mwaka 1961 TANU wakachukua Uhuru. Sasa Uhuru ukishachukuliwa, mimi mwenye robo ukurasa niite nini? Nafuu?

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mji huuhuu umejaa majina matamu ambayo hayakukaliwa kikao hata kimoja. Panda gari la Mbezi au la Tandale umsikilize konda: Kwa Msuguri, Kwa Mtogole, Magomeni Mapipa, Sinza Kumekucha. Abiria alisema tu nishushe hapo kwa fulani, mwenzake akarudia, konda akadaka, ikawa ramani. Na jina likishashika, halijali tena kama ni kweli. Kimara Mwisho si mwisho wa chochote, magari yanapita hapo yanaelekea Mbezi, Kibamba, hadi Kibaha, na abiria bado anapiga kelele "Mwisho, shusha!" na anashushwa panapostahili. Hakuna aliyewahi kupotea.

Nikajaribu hoja hiyo kwa mhariri. Nikamwambia tuitoe safu bila jina, wasomaji watalitoa wenyewe pale kwenye meza ya magazeti, wanakosoma vichwa vya habari bure tangu asubuhi na kumaliza bila kununua. Watasema lile gazeti lenye mzee gani vile. Mhariri akasema gazeti haliwezi kutoka na tundu, akampa simu mpangaji kurasa.

Huyu ndiye mtu wa kwanza kuzungumza nami habari za maana. Hakuniuliza falsafa yangu. Hakutaka kujua wasomaji wangu ni vijana au wazee. Alisema kichwa cha safu kinabeba herufi kumi, na nafasi kati ya maneno inahesabiwa.

Tafakuri za Mwanajamii ikafia hapo, ingelazimika kumalizikia ukurasa wa matangazo ya vifo. Dingi Kauzu nikaihesabu kwa vidole mara mbili, kwa haki kabisa, maana mwanangu alikuwa amesimama mlangoni: kumi na moja. Ngurumo ingeenea, lakini ina wenyewe. Shemeji akapendekeza nitoe herufi moja katikati ili isitambulike.

Malalamiko ni kumi. Hesabu mwenyewe.

Nikalituma bila kumwambia mtu, nikitarajia liingie kimyakimya. Mama watoto ameshalijua. Hakushangilia wala hakunicheka, jambo lililonitia wasiwasi. Aliuliza tu malipo ya safu yanatoka tarehe ngapi, na mwenye jina anapata asilimia ngapi. Nimemwambia kama hajaridhika, safu ya kupeleka anaijua.