Heko, Kosa Namba 43

Watu husifu maharusi, timu zilizotwaa kombe na viongozi walio madarakani. Leo nakisifu kile kipembetatu cha njano chenye alama ya mshangao, kinachokaa kando ya jina la kifaa kilichogoma ndani ya kompyuta ya mtumba. Kimedharauliwa mno. Kila anayekiona hukimbilia kwa fundi kikafutwe, ilhali chenyewe ni mjumbe, na mjumbe hauawi.

Mashine yenyewe mnaijua. Ni ya mezani, nyeusi, ilistaafu kwenye ofisi fulani Ulaya ikiwa bado na stika ya namba ya mali, ikavuka bahari ndani ya kontena, ikatua Kariakoo. Pale ikapanguswa ikang'aa na muuzaji akaapa kwamba haijatumika sana. Akaiwasha mbele yako, ikawaka bila neno. Ukafika nayo nyumbani, ukachomeka printa, ikafikiri kidogo, kisha ikakupa taarifa: Windows imekisimamisha kifaa hiki kwa sababu kimeripoti matatizo. Namba 43.

Utazameni uungwana wa taarifa hiyo. Kifaa kimejiripoti chenyewe! Ni wapi kwingine mhusika anajitaja kabla tume haijaundwa? Namba 28 inamsukumia lawama mwenye nyumba, kwamba hajaweka draiva. Namba 45 inadai kifaa hakijaunganishwa, nawe waya wake umeushika mkononi. Namba 10 inasema kifaa kimeshindwa kuanza, basi, maelezo mtatafuta wenyewe. Ni 43 peke yake inayobeba mzigo wake, na kwa hilo naiweka juu ya wenzake wote.

Kisha kosa hili lina sifa ya kurudi. Kosa la mara moja halina faida kwa mtu: unazima, unawasha, limekwenda, na ujinga wako umebaki palepale. Kosa linalorudi linakulea. Chukua diski ya nje. Ukiichomeka tundu la mbele inaonekana, inapotea, inaonekana tena, na ile sauti ya kuingia na kutoka inajililia yenyewe usiku. Mwenye kompyuta mpya hajui kwamba matundu ya mbele hupata umeme kwa waya mwembamba unaopita ndani ya kasha, wakati ya nyuma yameungwa kwenye mazabodi yenyewe. Hajui kwamba tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, na kwamba diski inayozunguka huweza kuomba zaidi pale inapoamka. Hajui hata kwamba Windows huwa na tabia ya kuyalaza matundu hayo ili kubana umeme, na kwamba ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Wewe unayajua yote. Karo hukulipa.

Fundi wa mtaani, Mungu amzidishie, ana dawa moja: tupige Windows upya. Anapiga, anachukua chake, anaondoka. Kosa linapumzika kidogo, kisha linarudi likiwa na afya njema, kwa kuwa halikuwa na makazi kwenye Windows tangu mwanzo. Makazi yake ni pawa saplai iliyochoka, au kapasita zilizovimba vichwa pale kwenye mazabodi. Miaka ya mwanzo ya 2000 kapasita mbovu za aina hiyo ziliingia katika kompyuta nyingi duniani, zikavimba na kuvuja, na sehemu ya ukoo huo ikaishia kwetu. Bila ukaidi wa kosa, nani angefungua kasha akaziona? Nani angejua kwamba chumvi ya upepo wa pwani hula meno ya rami, na kwamba raba ya mtoto wa shule, ukiyasugua taratibu, huirudishia mashine uhai?

Sijataja saa. Ile betri ya duara iitwayo CR2032, yenye volti 3, ikifa, mashine inaamka kila asubuhi ikiamini tuko mwaka wa kutengenezwa kwake. Tovuti za benki zinakataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijazaliwa bado. Wengine huona hiyo ni hasara. Mimi naona kuna heshima yake kuishi na kitu ambacho hakijapata habari za bei ya leo ya mafuta.

Na msidhani ugonjwa huu ni wa maskini. Tarehe 20 Aprili 1998, huko Chicago, Bill Gates alisimama mbele ya umati kuonyesha Windows 98 na jinsi itakavyotambua kifaa chochote utakachochomeka. Msaidizi wake akachomeka skana, na skrini nzima ikageuka bluu. Tajiri akabaki kutania kwamba ndiyo maana bidhaa haijaingia sokoni. Kabla ya hapo, mwaka 1947, wahandisi wa kompyuta ya Mark II huko Harvard walikuta nondo amenasa kwenye swichi ya mashine, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi. Wao walikuwa na nondo mmoja. Mashine zetu zina mende, sisimizi na mjusi kafiri anayetaga nyuma ya feni, na hakuna makumbusho yaliyotupigia simu.

Faida za kijamii ndizo usiseme. Hakuna ndugu anayeomba kuazima kompyuta ya aina hii. Mwizi akiipima uzito kwa mkono anaiacha. Mhariri akiuliza makala iko wapi, unajibu kwamba mashine imegoma, naye anaamini, maana aliiona. Na ucheshi inao: zipo za zamani ambazo, zikikosa kibodi, huandika kwamba kibodi haipo, kisha zinakuomba ubonyeze F1 ili kuendelea. Mzaha wa namna hiyo hata akili bandia ya siku hizi haijaufikia.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 inadai kitasa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mzee huyu hakuzaliwa nacho. Kwa maneno mengine, amesamehewa kodi ya maendeleo. Waliobaki wanaomtaka ni watu wa Linux, nao hawalazimishi mtu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mashine hizi ni dogo. Zikikata kauli, msizipeleke jaani. Nyingi za kabla ya 2006 zina risasi katika lehemu zake, na skrini bapa za enzi hizo zina zebaki katika taa zake. Mpeni fundi avune vipuri: feni, waya, pawa saplai kama bado inapumua. Mimi mwenyewe natafuta rami ya DDR2, ya gigabaiti 2. Iliyotumika itapendeza zaidi.