Mimba ya Doriani

Katika Njombe nzima, nadhani mimi ndiye mwanamume pekee aliyewahi kupewa hongera za ujauzito.

Ilikuwa Julai, asubuhi ya baridi ambayo hata jogoo waliwika kwa sauti ya mafua. Ofisini tulilizunguka birika la chai kama waumini, na katika kupiga soga mmoja akauliza: ukipewa chakula kimoja tu sasa hivi, utachagua nini? Wakataja kande, nyama choma, viazi vya kuchomwa majivuni. Zamu yangu ilipofika nikasema doriani.

"Ndiyo nini?"

"Tunda la kwetu Unguja. Kubwa kama kichwa cha mtoto, miba mwili mzima."

"Tamu?"

"Sana. Ila linanuka."

Ningeishia hapo ningekuwa na heshima yangu mpaka leo. Lakini wakauliza linanukaje, nami nikajibu ukweli: kama kitunguu kilichosahauliwa ndani ya kiatu cha mvua, ila ukishalitia mdomoni unakuta kastadi iliyopikwa na mtu anayekupenda. Wakatazamana. Mama wa uhasibu, mzazi wa watoto watano, akaweka kikombe chini. "Mimi mimba ya tatu nilitamani udongo wa kichuguu," akaniambia kwa upole. "Usijali, mwezi wa nne huisha."

Toka siku hiyo nikiingia kwenye kikao napishwa kiti chenye mto. Jina langu hapa ni Mpemba, ingawa Pemba nimekwenda mara mbili tu maishani, tena mara moja kwa msiba. Nimeacha kusahihisha. Sasa nikawa Mpemba mjamzito.

Njombe si mahali pa mtu kulalamikia matunda. Parachichi zake zinasafirishwa ng'ambo, na sokoni utapata matofaa, mapeasi na plamu ambazo kwenye soko la Darajani kwetu Unguja zingeuzwa kama dhahabu. Lakini hamu haina adabu. Haiangalii kilichopo mezani. Na ili nisionekane mgonjwa peke yangu, nikaanza kutafuta wenzangu vitabuni. Jina lenyewe la doriani limetokana na neno la Kimalai, duri, yaani mwiba. Wataalamu wa mimea wakaliongezea zibethinus, neno lililotoka mzizi mmoja na zabadi yetu, ile inayokamuliwa kwa ngawa. Maana yake mtaalamu alilinusa, akamkumbuka ngawa, akaandika. Singapore, kwenye treni za mjini, wamebandika picha ya doriani kando ya picha ya sigara, vyote viwili marufuku. Na Mwingereza Alfred Russel Wallace, katika kitabu chake cha 1869 kuhusu visiwa vya huko, alilisifu mpaka akasema safari ya Mashariki inafaa kufungwa kwa ajili yake tu. Lakini Wallace huyohuyo alikiri kwamba mwanzoni, lilipoletwa ndani ya nyumba, harufu ilimshinda. Alilipenda alipoliokota Borneo na kulila nje, kwenye hewa.

Laiti ningeisoma sehemu hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi.

Likizo ya Desemba nikaenda nyumbani, na siku ya kurudi nikapita Darajani. Muuza doriani hakimbilii kuuza. Alilipiga moja kwa mpini wa kisu, akalitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza saa, akanusa kwenye kikonyo, akalirudisha. La nne ndilo alilonipa. "Hili linakusubiri weye," akasema. Sikumwambia kwamba litasubiri kilometa mia saba.

Mama akalifunga kwa khanga yake kuukuu, tukalitia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, tukazungushia gundi ya karatasi raundi tatu. Ile khanga iliandikwa "Siri ya mtungi aijuaye kata." Siku hiyo siri ya mtungi aliijua kila mwenye pua. Boti haijatoka vizuri bandarini, bibi mmoja wa kiti cha mbele, aliyekuwa amefumba macho akivuta tasbihi, akasema bila kugeuka, "Mwanangu, limeiva hilo. Usichelewe nalo." Nikamwitikia "Naam, bibi," kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

Dar nililala kwa binamu yangu. Ndoo ililala kibarazani. Asubuhi binamu hakunibembeleza nikae siku ya pili.

Basi lilitoka stendi ya Mbezi alfajiri, na mpaka Chalinze mambo yalikuwa shwari kwa sababu ya ubaridi. Jua lilipopanda, doriani nalo likaamka. Kwanza abiria walikunja pua wakitazama dirishani, kama watu wanaoamini kosa liko nje. Kisha wakaanza kutazamana. Mtoto wa miezi minane, kiti cha pili kutoka kwangu, ndiye aliyehukumiwa wa kwanza. "Dada, hebu mwangalie mtoto," mzee mmoja akasema. Yule mama akakasirika, akamvua mtoto nepi mbele ya umma, akamnyanyua juu kama kombe la mpira. Safi! Mtoto akacheka. Mimi nikatazama mandhari ya Morogoro kwa makini ambayo sijawahi kuyatazamia mandhari yoyote.

Tulipoingia Mikumi ndipo harufu ilipofika kileleni. Na pale, kwa kama kilometa hamsini za barabara ndani ya hifadhi, hakuna ruhusa ya kushuka. Huwezi hata kuchimba dawa. Nje twiga, ndani doriani. Madirisha yote yalifunguliwa. Kundi la nyani pembeni mwa barabara likatutazama, na naapa mmoja wao aligeuza uso. Dereva akapaza sauti kuuliza ni nani amebeba mtungi wa gesi. Hakuwa mjinga. Mwaka 2018, mamia ya watu walihamishwa kutoka maktaba ya chuo kikuu kimoja Melbourne kwa hofu ya gesi, wazima moto wakaingia na vinyago, wakakuta doriani lililooza ndani ya kabati. Australia yote ile na vyombo vyake, bado wakadhani ni gesi. Dereva wa basi la Njombe atalaumiwa nini?

Wokovu nikauona Ruaha Mbuyuni. Pale basi likisimama tu, madirisha yanavamiwa na wauza vitunguu. Nikanunua mfuko mkubwa nisiouhitaji, nikauweka miguuni na kusema kwa sauti, "Mh, vitunguu hivi jamani vina harufu!" Muuzaji, kijana wa watu, akarudi dirishani amevimba. "Kaka, vitunguu vyangu nimeng'oa jana. Usinichafulie biashara." Abiria wakamuunga mkono. Mzee wa nepi akanusa kitunguu kimoja, akatangaza hukumu: "Hiki hakina kosa."

Kisha Kitonga. Anayeujua mlima ule anajua basi linavyoupanda: limeinua pua juu, linanung'unika, kona baada ya kona. Ndoo yangu, iliyokuwa imekaa kwa utii toka Unguja, ikateleza kutoka chini ya kiti, ikaingia kwenye njia ya katikati na kuanza kubingirika kuelekea nyuma. Ikagonga kiti cha mwisho. Mfuniko ukafyatuka. Khanga ikafunguka upande wa maandishi.

"Mwenye mzigo huu ajitaje," konda akasema.

Nikanyamaza. Naandika hili kwa aibu, lakini nilinyamaza.

"Hauna mwenyewe? Basi natupa bondeni."

"Wangu!" Nilisimama kwa kasi hata nikagonga kichwa kwenye rafu ya mizigo. Mama wa mtoto akanitazama kwa muda mrefu. "Kwanza," akasema, "muombe radhi mwanangu." Nikamwomba radhi, mbele ya abiria sitini, mtoto ambaye hajaota meno. Naye akanishika pua.

Tuliposimama kula, konda akanipa sharti: doriani halipandi tena ndani ya basi likiwa zima. Nikaazima kisu kwa mama lishe, nikalipasua kwenye mishono yake, nikawakaribisha watu. Wakasogea hatua moja, wakarudi mbili. Ila konda akasema yeye kama mwenye dhamana ya chombo lazima ajue anabeba nini. Akachukua kipande, akatafuna akikunja uso. "Hiki kitu hakifai," akasema. Akachukua cha pili, ili kuthibitisha. Cha tatu alikula amenigeuzia mgongo. Nilijaribu kupenyeza mkono, akauondoa bila kunitazama, kama anavyoondoa mkono wa abiria mlangoni. Uchunguzi ulipokamilika, mimi niliyevuka bahari kwa ajili ya tunda lile nilikuwa nimepata vipande viwili vidogo na mbegu zote.

Mbegu! Nikajipa moyo: nitaotesha mdoriani wangu. Kwamba mti ule huweza kufika mita thelathini, na nyumba yangu ya kupanga ina ua wa kuanikia shuka mbili, hayo niliyaacha kwa Mungu. Nilizifuta mbegu vizuri na kuzianika wiki nzima juu ya kipande cha bati karibu na jiko la mkaa, zikauke kama mahindi ya mbegu, kisha nikazipanda. Mwezi ukapita. Nikampigia mama.

"Ulizianika?" akauliza.

"Wiki nzima, karibu na jiko."

Kimya cha muda. "Mwanangu, mbegu ya doriani ikikauka imekufa. Hutiwa udongoni ikali mbichi. Weye umezikaanga. Ungezila basi, watu huzila."

Akanihurumia. Kwa mtu aliyekuwa akija huku akanitumia miche mitatu ndani ya makopo ya maziwa: asumini, mkilua na mlangilangi. Kama doriani limeshindikana, alisema, angalau unukie kama mtoto wa watu. Nilifurahi mno. Asumini ni koja la bibi harusi; kilua ndiyo roho ya kikuba; na langilangi humwagwa kitandani usiku wa arusi, mbali ya kuwa Wakomoro huyakamua mafuta yake kwa ajili ya manukato ya Ulaya. Mkilua hata wataalamu uliwanyoosha: ulipoandikishwa rasmi mwaka 1970 waliuacha na jina letu hilohilo, wakasema Mkilua fragrans. Nikaota ua wangu ukinukia mpaka stendi.

Niliyosahau ni kwamba mkilua na mlangilangi ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope, familia nzima ya watu wa joto. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Mwezi Juni kuna alfajiri ambazo umande huganda juu ya majani, ukadhani mtu kapita akinyunyiza chumvi. Mkilua haukungoja. Ulidondosha majani yote kwa usiku mmoja, kama mtu aliyeona bili.

Mlangilangi niliupigania. Ulikuwa umefika kimo cha kifua, nikauvisha sweta langu la kahawia, nikaufunga skafu, na juu nikauvika kofia ya sufu. Wiki ya pili mama mwenye nyumba akanigongea. Ni Mbena wa heshima, hagongi bila sababu.

"Kamwene."

"Kamwene, mama."

"Mwanangu, nani huyo unayekaa naye?"

"Nakaa peke yangu, mama."

"Babu jirani amekuja kushtaki. Anasema kila alfajiri akienda kukamua ng'ombe anampita mgeni wako hapo uani, anamsalimu 'Kamwene', na mgeni haitiki. Siku tatu sasa. Leo hata kofia hakumvulia."

Ikabidi niende na kilo mbili za sukari kumweleza babu kwamba aliyemkosea adabu ni mti. Alipokea sukari. Maelezo hakuyapokea, aliona namficha mtu. Mlangilangi ulikufa wiki iliyofuata, na babu akanipa pole ya mgeni.

Ukabaki mwasumini, ambao niliuhamishia jikoni, dirishani upande wa jua. Niliulisha, niliuogesha maji ya vuguvugu, niliusemesha Kiunguja. Mwaka na ushei haukutoa kitu. Kisha Jumanne moja nikaona kitumba kimoja, cheupe, kikubwa kama punje ya wali wa sherehe. Asumini hufunguka jioni. Nikafunga milango harufu isitoroke, nikazima jiko, nikaketi kwenye kigoda kama mtu anayesubiri mwezi wa Idi.

Kikafunguka saa mbili kasoro. Nikainama, nikavuta pumzi kwa pua zote mbili.

Hakuna kitu. Nilikuwa na mafua ya siku ya nne.

Nikajaribu tundu moja moja. Nikajifukiza kwa mkaratusi, nikarudi. Hakuna. Asubuhi ua lingeanguka. Nikaona isiwe bure kabisa, nikamwita mama mwenye nyumba aje aninusie. Akainama na shuka lake begani, akafumba macho, akakaa hivyo muda nikamwonea wivu.

"Linanukiaje, mama?"

Akafikiri. "Kama ile sabuni tunayoweka wakija wageni."

Bado nalitafakari hilo, simu ikaita. Namba siijui. "Mpemba!" Sauti ilikuwa ya konda, namba yangu kaitoa kwenye tiketi. Alitaka kujua Desemba nasafiri lini, maana kiti cha nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilofungika, ameniwekea. "Safari hii lete mawili," akasema, "moja la abiria wengine." Nikamwambia polepole, sina uhakika, tena pua yangu imeziba sijui itafunguka lini.

"Afadhali," akasema. "Natamani abiria wote waje hivyo."