Dalali Apanda Lushoto

"Usiniguse mgongo, kijana! Usiniguse!"

Kofi lenyewe lilikuwa la kirafiki tu. Bodaboda alimpiga Dalali mgongoni kumkaribisha kijiweni, maana tangu Ijumaa hakuwa ameonekana. Sasa ni Jumanne, Saba Saba imepita jana.

"Mgongo umefanyaje?" akauliza Mzee wa Kahawa, huku anasuuza vikombe.

"Natoka mapumzikoni, mzee wangu. Lushoto. Mimi, mama watoto na wanangu watatu. Tulifikia kwa rafiki yangu, yule wa karoti."

Yule wa karoti anajulikana. Ni mkulima anayeleta mboga soko la Ilala, na kila akishuka na mzigo humwachia Dalali kiroba cha karoti. Kila mara anasema, "Na nyie siku moja njooni." Kila mara Dalali anajibu, "Inshallah," ile ya watu wa Dar. Mwaka huu Saba Saba ikaangukia Jumatatu, sikukuu ikagusana na Jumamosi na Jumapili, na ile inshallah ikakosa pa kujificha.

"Kutoka stendi ya Magufuli mpaka Mombo hakuna neno," Dalali akaanza. "Kazi inaanza Mombo, mnapoanza kupanda. Kona imebeba kona. Huku ukuta wa mlima, huku korongo, dereva yuko na simu sikioni. Kufika Soni, wanangu wawili wameshatapika, wa tatu anangoja zamu."

"Mombo mpaka Lushoto kilomita 33 tu hizo," akasema Fundi Viatu bila kuinua kichwa. Huyu ni Msambaa, kwao Mlalo, na mlima ukisemwa vibaya anauchukulia kama kasemwa mjomba wake. "Sisi tunazipita tumelala."

"Halafu baridi, jamani! Ukifungua mdomo unatoka moshi, na mimi sivuti."

Hapo Mwalimu Mstaafu akakunja gazeti. Kijiwe kikajua darasa limeanza.

"Hicho ndicho kipupwe. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua nyuzi 6 hivi. Tena ajabu ni kwamba Julai ndipo dunia inapokuwa mbali kabisa na jua, kilomita milioni 152."

"Ndiyo maana!" Bodaboda akadakia. "Jua limetukimbia."

"Siyo ndiyo maana! Ingekuwa umbali, Wazungu nao wangetetemeka Julai, na wao sasa hivi wanaanika matumbo ufukweni. Dunia imeinama upande. Miezi hii sisi wa kusini mwa ikweta ndio tumelipa jua mgongo."

"Basi tugeuke, mwalimu."

Mwalimu akafungua tena gazeti.

Mama Chapati akageuza chapati, akamgeukia Dalali. "Mkeo alipokuja kuniazima chupa ya chai aliniambia mmenunua makoti Karume."

"Ya mtumba, mama, lakini ya theluji kabisa! La mdogo lilikuwa bado na kitiketi cha plastiki kwenye zipu, cha kupandia mlima wa theluji huko Austria. Nilitaka kukikata, mtoto akalia. Lushoto nzima sasa inajua mwanangu katokea Ulaya."

"Na mkononi mlikwenda na nini?"

"Samaki. Changu wazima kutoka Feri, kwenye deli la barafu. Sasa mlimani barafu haikuyeyuka hata nusu. Rafiki yangu anafungua, anatazama, ananiuliza, 'Samaki nimewaona, asanteni. Na baridi nayo mmetuongezea?'"

Kijiwe kikacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzee akaandika kikombe hicho kwenye deni la Bodaboda.

"Usiku tulilala watano kitanda kimoja," Dalali akaendelea. "Vyumba vilikuwepo. Tulikataa wenyewe. Jumapili wakatupeleka Irente. Unasimama kwenye jabali, chini kabisa unaona Mazinde na mashamba ya mkonge. Ndugu zangu, kile kiwanja! Kina upepo, kina mandhari, jirani hakuchungulii. Kasoro yake moja, ukitoka mlango wa mbele unafikia bondeni."

"Hebu tuambie mgongo," akasema Mzee wa Kahawa. "Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Hesabu naiona. Mgeni siku mbili, ya tatu..."

"Hakunipa jembe!" Dalali akamkata. "Alinipa kisu."

Hata Fundi Viatu akainua kichwa.

"Saa kumi na moja alfajiri mlango unagongwa. Canter inapakia saa mbili, vibarua wawili hawajatokea. Nikavaa koti la mama watoto juu ya langu, nikaingia kwenye kabichi. Mnajua kabichi inavyokatwa? Unainama, unayalaza yale majani makubwa ya nje kwa mkono wa kushoto, umande wote unakuingia kwenye mkono wa shati, unapitisha kisu chini kabisa kwenye shina. Unaiinua, unampa wa nyuma yako, unapiga hatua, unainama tena. Mstari mmoja nilidhani ndiyo shamba zima. Kumbe ulikuwa mstari."

"Hiyo ni dharau!" Bodaboda akawaka. "Mtu katoka Dar na familia, na samaki, unamwamsha akavune?"

"Ngoja, sijamaliza. Baada ya kabichi kuna viazi. Mnunuzi kaja na magunia yake. Gunia linajaa mpaka mdomoni, halafu juu yake anashonea kilemba cha wavu, anajaza tena. Likisimama limenizidi kimo. Bei? Ya gunia moja! Nikasema, jamani, si hii ndiyo lumbesa iliyopigwa marufuku? Rafiki yangu akaniambia taratibu, 'Ndiyo hiyo. Nikikataa, gari linaondoka, viazi vinabaki na mimi.' Niliumia, nawaambia kweli. Yaani mtu hakulima, hakupalilia, kasimama tu katikati anakula jasho la mwenzake!"

Kikapita kimya kidogo. Mama Chapati akaweka upawa chini.

"Kumbe yanauma," akasema. "Na wewe unayemtoza mpangaji kodi ya mwezi mzima kwa kumwonyesha chumba ambacho mlango wake ulikuwa wazi?"

"Mama, ile ni ada ya udalali!"

"Mimi nimekiona kilemba."

Mzee wa Kahawa akawatuliza kwa raundi nyingine. "Bodaboda, mwanangu, siyo dharau. Mgeni wa heshima anapewa kiti sebuleni, anapewa soda, anasindikizwa, na akigeuka tu watu wanavua viatu wanapumua. Huyu kaamshwa alfajiri siku gari linasubiri. Mtu anayekuhitaji asubuhi kama hiyo na asione haya kukuita, huyo hakuchukulii mgeni tena."

"Kweli, mzee," Dalali akakubali. "Tulipomaliza hatukurudi sebuleni. Tulikaa jikoni, moto wa kuni, viazi vya kuchemsha na chumvi. Mama watoto kavuta kigoda anamenya kama kaolewa pale. Siku mbili za kwanza mimi na rafiki yangu tulizungumza bei za mboga na za vyumba tu. Siku ile akanieleza na madeni yake."

"Na wewe ukamweleza yako?"

"Basi lilikuwa linaondoka."

Bodaboda akacheka peke yake. Dalali hakucheka. Akakohoa, akakivuta kiti karibu.

"Sasa nina jambo langu. Nane Nane mwaka huu ni Ijumaa. Rafiki yangu anasema hiyo ni siku ya wakulima, basi mkulima naye apumzike. Wanakuja kuona bahari. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Watu saba. Na mimi vyumba vyangu mnavijua, ni viwili. Nilikuwa naomba, kwa mwenye godoro..."

Bodaboda akamkumbuka abiria. Fundi Viatu akaingiza mkono wote ndani ya buti, akautafuta msumari. Mwalimu akarudia ukurasa wa matangazo ya vifo. Mzee wa Kahawa akasema biashara ya kahawa haina magodoro.

"Mimi ninalo," akasema Mama Chapati. "Futi nne kwa sita, halijabonyea."

"Mungu akubariki, mama yangu!"

"Amina. Nitakuonyesha lilipo. Ila ada yangu ni kodi ya mwezi mmoja."