Samaki Mapajani

Ukivua kwenye boti, samaki akipanda akawa mkorofi unasogea pembeni, unamwachia nahodha. Kwenye kayaki hakuna pembeni. Upana wa chombo chote ni makalio ya mtu mmoja mwenye afya, basi. Umekaa, miguu umeinyoosha mbele, na kila kinachotoka baharini kinatua mapajani. Wauzaji hawalisemi hili. Wanakuonyesha pedali za kukanyaga, vishikio vya fimbo za kuvulia, na tundu la kuwekea kikombe.

Aliyeonyeshwa hayo akashawishika ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mzaliwa wa Tanga, jirani yetu sasa huku Kent, kusini mwa Seattle. Shemeji anaamini kwamba bahari ni moja. Akiona maji ya chumvi popote duniani, sauti yake inashuka na kuwa ya nahodha. Mimi natoka Singida. Niliwahi kumkumbusha kwamba hata Ziwa Singidani lina chumvi, akanitazama kwa huruma. "Shemeji," akasema, "lile ni bwawa la heroe."

Agosti ilipofika tukafunga kayaki mbili juu ya gari, tukashika njia ya Neah Bay, pembe ya mwisho kabisa ya jimbo la Washington, pale mlango-bahari wa Juan de Fuca unapokutana na Pasifiki. Ni mwendo wa saa nne na ushee, na ukishapita Port Angeles barabara inajikunja mpaka sambusa ulizokula zinahama upande tumboni. Ile ni ardhi ya Wamakah, na mgeni hununua kibali chao kabla ya kufanya lolote. Mababu zao waliwinda nyangumi katika maji hayohayo, kwa mitumbwi ya mwerezi na vyusa, na haki hiyo imeandikwa kwenye mkataba wao na serikali ya Marekani wa mwaka 1855. Mei 1999 walitoka tena na mtumbwi, wakarudi na nyangumi. Nyangumi mzima! Sisi tulikuwa tunateremsha plastiki ya rangi ya chungwa yenye tundu la kikombe. Mzee mmoja aliyeketi gatini alitutazama tangu mwanzo hadi mwisho, hakusema neno, na mpaka leo namshukuru.

Kuvaa kwenyewe ni kazi. Maji ya kule hata Agosti yana nyuzi 11 au 12, na ukitumbukia na fulana yako ya kawaida, baada ya dakika chache vidole vinakataa amri. Kwa hiyo unaingia kwenye vazi zima lisilopitisha maji, kuanzia nyayo mpaka shingoni, lenye kola ya mpira inayobana koo. Kichwa cha shemeji kilikwama katikati ya kola, paji la uso nje, pua ndani, na kutoka humo nikasikia sauti: "Vuta, shemeji, lakini kwa adabu." Nikavuta. Kichwa kikatoka kwa mlio. Zipu iko mgongoni, huwezi kuifunga mwenyewe wala kuifungua, na hilo halikusumbui mpaka ukumbuke chupa ya chai ya tangawizi. Shemeji aliimaliza yote kabla hatujaondoka gatini. Yaliyompata baadaye ni siri ya familia.

Tukaanza na salmoni. Tuliruhusiwa aina iitwayo koho, lakini si kila koho. Wale wanaototolewa kwenye vituo vya kuzalishia samaki hukatwa, wangali wadogo, kipezi kimoja laini kilicho mgongoni karibu na mkia. Asiye na kipezi ni halali ya sufuria. Mwenye nacho ni wa asili, anaachiwa, na sheria inakataza hata kumpandisha chomboni. Kwa maana hiyo ukaguzi ufanyike samaki akiwa majini, anarusha maji, wewe umeinama upande na kayaki imeinama pamoja nawe. Nimekaguliwa pasipoti katika viwanja vya ndege vya kutosha, na sasa najua kazi ya yule afisa ingekuwaje kama abiria wangekuwa wanachapa mikia. Ndoana nazo, kwa sheria hizohizo, hazina kile kimwiba cha kumzuia samaki asichomoke, kwa hiyo ukichelewa kusoma, abiria kaondoka.

"Anacho! Hana! Anacho!" Shemeji alipiga kelele asubuhi nzima. Waliotangulia wote walikuwa nacho. Mmoja hatukupata kumjua, kwa kuwa sili aliibuka kati yetu akamchukua kabla hatujatoa uamuzi, akatuachia kichwa kwenye ndoana. Shemeji alikigeuza kichwa kile huku na huku.

"Huyu je, anacho?"

"Shemeji, hicho ni kichwa."

Hatimaye alipatikana asiye na kipezi, na hapo ndipo ilipokuja karatasi. Kila salmoni uliyemchukua ilibidi aandikwe papo hapo, kwa wino, kwenye kadi maalumu. Mapajani una samaki wa kilo tatu ambaye hajakubali yaishe, mikono imejaa damu na ute, kayaki inazunguka itakavyo, na serikali inataka mwandiko. Shemeji akaibana kalamu kwa meno, akafungua mfuko wa plastiki kwa vidole viwili vilivyo safi kidogo, akafumbua kinywa kuniambia nimshikie fimbo. Kalamu ikaenda zake. Ilielea kidogo, tukaitazama, ikazama. Mimi nilikuwa na nyingine mfukoni. Sikumwambia mara moja.

Mchana tukahamia kwa samaki wa miambani, karibu na kisiwa cha Waadah, kwenye msitu wa mwani. Huu si mwani wanaoulima kina mama wa Paje, Zanzibar. Shina lake ni bomba linalopanda kutoka mwambani mita nyingi mpaka juu, na kichwani lina kibofu cha hewa cha kulifanya lielee. Unakamata shina moja, unalilaza mapajani, tayari umetia nanga.

Chini ya pale anakaa lingikodi. Ni samaki mrefu, mdomo mpana, rangi ya mwamba aliolalia. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitangaza kwamba wameyahesabu meno yake: kiasi cha 555, na kila siku yanang'oka kama 20 yakaota mengine. Habari hii niliisoma usiku wa kuamkia safari, na haikunisaidia kulala. Ana tabia nyingine pia. Ukiwa unamvuta samaki mdogo, yeye humdaka huyo mdogo na kugoma kumwachia, anapanda naye hadi juu wala ndoana haijamgusa. Choyo tupu ndicho kinachomleta.

Wetu alikuja hivyohivyo. Nilikuwa namvuta samaki mweusi wa kutosha kikaango kimoja, ghafla fimbo ikapinda mpaka ncha ikaingia majini. Nikavuta polepole, nikaona kwenye maji ya kijani kichwa kinachozidi changu, kimembana mweusi wangu kiunoni.

"Usiharakishe!" shemeji akafoka. "Muache na choyo chake!"

Akakanyaga pedali kuja na wavu, akanigonga ubavuni, akachota. Tatizo ni kwamba mwenye wavu alikuwa yeye, mwenye mapaja ni mimi. Lingikodi akamwagwa kati ya magoti yangu, akamtema mweusi, akafunua kinywa. Meno ya mbele yalikuwa marefu, nyuma yake safu ya madogo, nyuma yake tena madogo zaidi. Nikatanua miguu kadiri vazi lilivyoniruhusu.

"Mpige rungu, shemeji!"

"Rungu liko wapi?"

"Umelikalia!"

Baadaye shemeji naye akavuta samaki mwekundu, mwenye macho ya njano. Huyo ni marufuku kumchukua, na aina yake huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Akitolewa kilindini hewa iliyomo mwilini inafura mpaka tumbo linachungulia mdomoni, na mwenyewe hawezi tena kuzama. Kwa hiyo kila chombo sharti kiwe na kifaa cha kumrudisha: kwetu ni kibanio chenye uzito, unambana nacho mdomo wa chini, unamshusha taratibu hadi kwao. Shemeji alimpa shikamoo kwanza. Kama aliitikia marahaba hatukusikia, alikuwa ameshabanwa mdomo.

Ukungu ulipoanguka hatukuiona tena nchi kavu. Shemeji akatoa redio ya upepo, akaniita kwa jina langu kamili, akataka nieleze mahali nilipo. Jibu nililitoa bila redio. Kayaki zetu zilikuwa zinagusana.

Nyumbani mke wangu alimpasua lingikodi, akaweka kisu chini. Nyama ilikuwa ya buluu. Si buluu ya kusingizia taa, ni buluu yenye kijani ndani yake, mpaka kwenye mfupa. Wako lingikodi wa namna hiyo, na ukiwapika wanakuwa weupe kabisa, lakini jambo hilo ni gumu kulieleza kwa mtu aliyekwisha kuiona nyama yenyewe. Akampigia mama yake Tanga kwa video.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hicho ni nini tena?"

"Samaki, mama. Wamevua wao wenyewe."

"Samaki gani kavaa sare ya shule?"

Shemeji akasogea kwenye simu, akasema labda ndiye aliyemeza kalamu. Mama mkwe hakucheka. Mimi nikaeleza habari ya weupe, kwamba ni suala la moto tu, na tui la nazi liko tayari. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima anayompa mkwe.

"Sawa, baba. Mpakeni nazi, mle. Kesho asubuhi mnipigie, tena mnipigie wote."