Waraka kwa Fundi wa Barua za Haraka

Kwako fundi wa programu,

Madhumuni ya waraka huu ni kukujulia hali. Mimi ni mzima. Kinachoumwa ni kisanduku changu cha barua pepe. Tangu nijiunge na programu ya chama chetu cha akiba na mikopo, kila barua yenu inaingia Outlook ya kazini kwangu na alama nyekundu ya mshangao. Riba imeshuka: alama. Heri ya Krismasi: alama. Hata ile ya kuniomba radhi kwa usumbufu ilikuja nayo.

Nikafungua vichwa vilivyofichika vya barua hizo, nikaiona kazi ya mikono yako: X-Priority: 1, Importance: high, na X-MSMail-Priority: High juu yake. Hongera kwa bidii. Namba ile huanzia 1, ya haraka kupita zote, hadi 5, ya kusomwa mtu akijisikia. 3 ndiyo ya kawaida. Wewe umehesabu hadi moja ukapumzika. Sikulaumu, huenda siku hiyo kulikuwa na joto.

Labda uliamini kwamba seva zikiiona 1 hupisha njia kama zinavyopishwa gari za wagonjwa. SMTP inayosafirisha barua haina habari nayo. Hayo ni maandishi yaliyo ndani ya bahasha. Gmail haiionyeshi, tangu 2010 ina kipimo chake yenyewe cha lililo muhimu. Anayeisoma kwa makini ni mchuja barua taka: SpamAssassin ina kanuni ya kuihesabia kosa barua inayodai haraka bila kutaja programu iliyoiandika.

Mwezi uliopita mtu alijaribu kuingia kwenye akaunti yangu usiku wa manane. Mlinitaarifu, ahsanteni sana. Taarifa hiyo niliisoma siku ya tatu, maana ilikaa kati ya tangazo la kalenda na mwaliko wa bonanza, zote zikiwa na wekundu uleule.

Nakuomba jambo dogo. Ile setHeader uliyoibandika pale zinapotumwa barua zote, iondoe, uiweke kwenye taarifa za usalama peke yake. Nyingine usiziandikie kitu. Barua isiyo na kichwa hicho huhesabiwa ya kawaida. Mkuu wako wa masoko akinung'unika, mwambie asome nakala yake ya waraka huu. Nimemtumia kwa namba 5.

Wako mwanachama mtiifu.