Kadi Zimeniletea Kesi

Mangi, nipe soda ya moto, hiyo ya baridi itaniua bure. Na nyie msinicheke. Mnaona macho mekundu mnadhani nimekesha kwenye mpira. Mpira upi? Nimekesha nasogeza kadi. Na wala si karata, maana karata mtu unakula au unaliwa, unaondoka na jibu lako. Hizi ni kadi za kwenye kompyuta. Vimraba vyeupe. Kila kimoja kina jina juu na maelezo kidogo chini, vyote vimebandikwa kwenye ubao wa kahawia kama ule wa matangazo pale serikali ya mtaa. Unakibonyeza kimoja, unakiburuta, unakiachia. Vingine vinasogea kukipisha. Ndiyo kazi yangu hiyo. Mtu mzima na ndevu zangu, usiku kucha, sogea huku, rudi kule.

Aliyeniponza ni prodyuza. Nilimfuata nikamwambia bosi, nina tamthilia ya kuliza nchi nzima. Akasema ilete. Nikamwambia iko kichwani. Akasema za kichwani hata yeye anazo. Anachotaka ni mpangilio wa matukio, mwanzo mpaka mwisho, aone nani anakufa wapi. Nikamuuliza, mpangilio ndiyo ukoje huo? Akanitazama kwa huruma, nikadhani anataka kunipa nauli. "Mzee, wenzako siku hizi wanapanga na kadi." Mbele ya dada wa mapokezi. Dada akaziba mdomo na zile kucha zake, akajifanya anakohoa.

Nikaenda kwa dogo wa steshenari, yule wa fotokopi. Dogo, nitilie kadi. Akaniuliza, za harusi au za mchango? Tulipoelewana akanieleza kwamba programu za namna hii zipo tele. Scrivener ya Waingereza ipo tangu 2007, na ubao wake wa kadi waandishi wanausifia, ila ile ni ya kununua kwa dola. Kusikia dola nikajikuna kisogo. Akanitafutia nyingine ya bure, jina lake naliacha maana sitaki kesi ya pili. Ikataka barua pepe. Barua pepe ninayo, paswadi ndiyo siijui. Tukaweka ya Mama Zai, ile anayouzia vitenge. Dogo akabonyezabonyeza, akasema tayari, akaunti ni ya Mama Zai. Nikaona sawa tu. Mke na mume kuna changu na chako?

Sheria yenyewe ni fupi: kadi moja, tukio moja. Nimesoma (mimi nimesoma sana kuhusu kuandika, maana siku unayosoma kuhusu kuandika unakuwa umesamehewa kuandika) kwamba David Lynch, mwongozaji filamu wa Marekani, alifundishwa hivyo na mwalimu wake Frank Daniel. Chukua kadi 70. Kila moja iandike tukio moja. Zikitimia 70, una filamu nzima. Mimi nikalielewa hilo kivyangu. Nikafungua kadi 70 tupu. Nikazihesabu, zimetimia. Nikampigia prodyuza nimwambie kazi imeisha. Namshukuru Mungu hakupokea.

Basi nikaanza kujaza, na katikati ya ubao nikaweka hivi. Mzee Kombo anaugua. Mzee Kombo anafariki. Mazishi. Mali inagombewa. Salma anafukuzwa nyumbani. Tamu kweli. Prodyuza akatuma ujumbe: kifo kije mapema, watazamaji wa siku hizi hawana subira. Si rahisi tu? Nikaiburuta kadi ya Mazishi mpaka ya tatu, kufumba na kufumbua mzee kazikwa. Hakuna sanda, hakuna jeneza, kidole kimoja tu. Nikajiona fundi.

Napitia kesho yake, kadi ya nane, Mzee Kombo yuko barazani anakunywa kahawa na kumgombeza mkwe. Marehemu! Nikaenda kumtoa barazani, kumbe kadi ya kumi na mbili ndiye mshenga. Nikamvua ushenga, posa ikakosa mtu wa kuipeleka. Nikaivuta harusi nyuma ya mazishi, sasa Salma anajifungua kabla hajachumbiwa. Mtaani kwetu hilo linatokea, silaumu mtu, lakini Salma mimi nimemwandika binti wa madrasa. Nitamwangaliaje ustadhi wake?

Hapo ndipo nilipowajua hawa wadudu. Kadi inahama peke yake. Ile "kwa hiyo" iliyokuwa kati yake na jirani yake haihami nayo. Mzee kafa, kwa hiyo mali inagombewa, kwa hiyo Salma anafukuzwa. Ukishamtoa mzee pale, "kwa hiyo" zote zinabaki yatima. Na huwezi kuziona kwenye skrini, kwa sababu ubao umenyooka, kadi nne nne, safi, unapendeza mpaka unataka kuupiga picha. Hadithi imevunjika mguu lakini suruali imepigwa pasi.

Tena ukiihamisha kadi inahama na maandishi yaliyo nyuma yake. Mimi nilikuwa na sura moja tu niliyokwisha kuiandika, kurasa mbili za jasho, inaanza "Baada ya mazishi hayo". Katika kusogezasogeza ikaenda kukaa ya kwanza. Tamthilia inafunguliwa: baada ya mazishi hayo. Mazishi yapi? Mtazamaji hata kwenye kochi hajakaa vizuri, ameshaanza kupewa pole.

Sikuishia hapo. Nikagundua rangi. Nyekundu vilio, njano mapenzi, kijani pesa. Nikapaka rangi mpaka mate yakanikauka. Mwanangu wa mwisho akasimama nyuma yangu kimya, akatazama weee, akaniuliza: "Baba, uko levo ya ngapi?" Nikamwambia hii si gemu, hii ni kazi. Akanihurumia. Akaniambia kuna namna ya kuruka levo, rafiki yake anaijua.

Wazungu wenyewe hizi kadi walianza nazo za karatasi, na nawaonea wivu. Vladimir Nabokov, yule wa Lolita, riwaya zake za baadaye aliziandika kwenye kadi. Alipofariki mwaka 1977 aliacha riwaya haijaisha, kadi 138, na agizo zichomwe moto. Hazikuchomwa. Mwaka 2009 mwanawe akazitoa kitabu, The Original of Laura, na kadi zile zimetobolewa pembeni kwenye kurasa ili msomaji azichomoe, azipange apendavyo. Mnasikia? Marehemu kaacha kadi, msomaji ndiye anapanga! Nikamtumia prodyuza wazo hilo: na sisi tuwaachie watazamaji wapange wenyewe. Akanijibu kwa alama ya dole gumba. Limeangalia chini.

William Faulkner yeye hakuhangaika na kadi. Mpangilio wa riwaya yake A Fable aliuandika ukutani kabisa, ndani ya nyumba yake kule Mississippi, na ukuta upo mpaka leo, watu wanakwenda kuutazama. Nyumba ilikuwa yake. Mimi nikigonga msumari wa kalenda mwenye nyumba anakuja kuhesabu tundu.

Ila karatasi ina jambo lake moja zuri: inachoka. Ukiihamishahamisha pembe zinakunjika, gundi inagoma, mgongo unauma, mwisho unasema potelea mbali, ikae hapohapo, tuandike. Skrini haichoki. Umekosea, kuna kitufe cha kurudi nyuma. Umerudi, kuna kitufe cha kwenda mbele. Unakwenda, unarudi, luku inaisha, hujaandika hata "asalaam aleikum".

Haya, sasa kesi.

Mjue kwamba kadi ni ndogo. Majina marefu hayaenei, kwa hiyo naandika kwa kifupi. Mimi naelewa. Jumamosi moja nimekwenda kunyoa, Mama Zai akafungua kompyuta atume picha za vitenge. Akakutana na ubao. Kadi ya juu kabisa, rangi nyekundu: "Mke asijue kuhusu mtoto wa Tanga." Inayofuata: "Mama mkwe apelekwe kijijini, asirudi." Inayofuata, kijani: "Hela za kikoba. Usiku." Na mweka hazina wa kikoba cha mtaa huu, kama hamjui, ni Mama Zai.

Narudi, upara unang'aa, nakuta shemeji sebuleni. Amekuja na pikipiki, helmeti hajavua. Simu iko mezani, spika imewashwa, mama mkwe yuko hewani kutoka Korogwe. Hakuna aliyeniitikia salamu. Mama Zai akaniuliza kwa upole, na mnajua upole wa namna ile unavyotisha:

"Baba Zai, huyu mtoto wa Tanga ana miaka mingapi?"

"Sita," nikajibu. Maana ndivyo nilivyompanga.

Jamani. Kilichofuata sitakieleza mbele ya watoto walioagizwa chumvi hapa. Nilipopata nafasi ya kupumua nikapiga kelele kwamba ni hadithi! Ni tamthilia! Mtoto ni wa Mzee Kombo! Shemeji akasema, sauti ikitokea ndani ya helmeti: "Kama ni hadithi, fungua tuisome."

Nikafungua kadi ya mtoto wa Tanga. Nyuma yake ukurasa mweupe. Kile kimstari kinachowakawaka kikawa kinawakawaka. Shemeji akasogea, akauliza hadithi iko wapi. Nikafungua ya mama mkwe. Nyeupe. Ya kikoba. Nyeupe. Nikazidi kufungua, jasho linanitoka, nyekundu, njano, kijani, zote 70 zina sura nzuri, na ndani hakuna kitu. Hata ile ya "Baada ya mazishi hayo" niliifungua ikakataa, sijui nimeiburuta nikaiangushia wapi.

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza kwenye simu.

"Mama, ndani hamna kitu."

"Nilisema tangu siku ya mahari."

Mama Zai akafunga mjadala. Shaaban Robert, akasema, alikuwa karani wa forodha, na vitabu akaandika. Kafariki 1962, kompyuta haijui. Wewe una kompyuta, una kadi, una rangi tatu, kitabu huna. Basi utakaa hapo, utaandika sura ya huyo mtoto, tujue kama ana baba mwingine au ni wewe. Shemeji akaburuta kiti akakaa mlangoni, asije mshitakiwa akatoroka.

Niliandika ndugu zangu. Sijawahi kuandika vile. Hakuna kusogeza, hakuna rangi, kila nikinyanyua kichwa nakutana na helmeti. Mzee Kombo nikampa safari za Tanga, nikampa duka la spea, nikampa mwanamke mwenye sauti nzuri, nikamnyima kufanana na mimi kwa lolote. Nikamwongezea nywele. Sura ikasomwa kwa sauti, ukimya ukatanda, kisha mama mkwe akauliza kutoka Korogwe kwa nini mama mkwe wa kwenye hadithi hajapewa hata neno moja la kusema.

Kwa shitaka la mtoto nikaachiwa. Kwa shitaka la kumpeleka mama mkwe kijijini asirudi, kesi imeahirishwa mpaka aje mwenyewe, na nauli nimetuma mimi.

Nikadhani yamekwisha. Jana usiku nimekaa mbele ya ubao, mikono iko kwenye mapaja, naona kadi inatembea. Yenyewe! Mama mkwe anatoka kijijini, anazipita kadi za watu wote, anakwenda kukaa ya kwanza juu kabisa. Nikamrudisha. Akapanda. Nikamrudisha tena, nikasikia kicheko chumbani. Nikampigia dogo wa steshenari usiku ule ule. Akaniambia kwa usingizi, mzee, akaunti si ya mama? Basi na simu yake inaingia humohumo, mnaonana. Nikamwambia mfukuze. Akasema mwenye akaunti hafukuzwi, ila yeye akitaka anaweza kukufukuza wewe.

Tumepambana hivyo mpaka karibu na adhana, yeye kwenye simu kitandani, mimi kwenye kompyuta sebuleni. Mzee Kombo amekufa na kufufuka sijui mara ngapi. Salma kaolewa, kaachwa, kaolewa na yuleyule. Halafu chini kabisa ya ubao nikaona kadi ambayo si yangu, ya kijani, jina lake "Malipo ya kwanza ya prodyuza". Nikaifungua nikitegemea weupe wangu uleule. Wapi! Imejaa juu mpaka chini. Mapazia ya madirisha manne, urefu na upana, kitambaa cha ndani na cha nje, bei ya Kariakoo ya jumla na ya rejareja, na namba ya fundi wa kushona.