Sifa za Hita ya Bafuni Iliyokufa

Katika vyombo vyote vya nyumbani, hakuna kinachoonewa kama hita ya bafuni iliyokufa, yaani kile kichwa cha plastiki kinachofungwa kwenye bomba la kuogea ili kipashe maji yanapopita, ambacho kwa desturi yake huchagua kufariki mwezi wa Julai, wakati baridi ya Limuru haina huruma na mtu. Hutukanwa kabla ya kuchunguzwa, ilhali hupunguza bili ya umeme, huokoa maji kwa kuwa hakuna anayekawia kuoga baridi, na huirudishia sufuria heshima yake.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni ukweli. Hita iliyokufa hukiri yote mbele ya multimita, kifaa cha mkononi kinachopima volti, ampea na omu, mradi meni swichi izimwe kwanza na waya mmoja wa koili uchomolewe ili kipimo kisipite njia nyingine. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, koili ya wati 5,000 kwenye umeme wa volti 240 haina budi kuwa na ukinzani wa takriban omu 11.5, ambao hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti na kugawanya kwa wati. Kioo kikisoma omu 11 na ushei, koili ni nzima na mkosaji atafutwe kwingine. Kikionyesha tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto, au herufi OL, ukinzani umepita kiwango cha kipimo, na kwa kawaida maana yake ni kwamba waya umekatika. Ni shahidi gani mahakamani, ni mgombea gani jukwaani, ni mchumba gani mbele ya wakwe aliyewahi kujibu kwa tarakimu moja, bila kuapa wala kudai nauli? Wanaoandika vitabu vya maadili wangefanya vyema kuanza na koili iliyokatika, kisha washuke polepole hadi kwa binadamu.

Hata pale inapoonekana kudanganya, hita haina hatia. Kiungo cha waya kilichoungua huweza kuonyesha volti 240 kamili, kwa kuwa multimita yenyewe haivuti mkondo wa maana. Hita ikidai ampea zake 21, volti huporomoka papo hapo. Huo si uongo wa hita, ni kazi ya mtu aliyesokota waya mwembamba, akaufunga utepe na kupokea malipo.

Mtu huyo ndiye anayeitwa tena. Hana multimita, ana testa, bisibisi yenye kitaa kinachowaka umeme unapokuwapo lakini kisichoweza kusema lolote kuhusu omu, na pia ana jicho, analolitumia kuitazama hita kabla ya kutangaza kwamba imekwisha. Mpya hununuliwa, nayo ya zamani, pamoja na koili yake yenye omu 11 na ushei, huondoka katika mkoba wake.

Yote hayo yangechekesha kama si waya wa ethi, ule wa kijani wenye mistari ya njano, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Koili nyingi za hita hizi hukaa uchi ndani ya maji yaleyale yanayommwagikia mwogaji, na bado katika nyumba nyingi za kupanga waya huo hukutwa umekatwa mfupi na kukunjwa ndani ya boksi, haujafungwa popote. Huo si usahaulifu: kuukata kulihitaji koleo na mkono wa mtu mzima aliyejua anachokata. Mpangaji akilalamika kwamba bomba linamtetemesha, mwenye nyumba humshauri aoge na ndala, kisha huongeza kodi kwa sababu nyumba ina maji moto.